Kutembea Tu

4 Machi

Mdogo wangu wa chini ya ardhi,

Natumai barua hii itakukuta juu, kwenye jua, umekaa na umeshakula. Sisi hatujambo. Shemeji yako bado ananyoa vichwa vya watu huku cha kwake kikijinyoa chenyewe, na ole wake mteja atakayelitaja hilo. Mimi nimezama katika sare za shule. Sebule nzima ni bluu, hata chai tunainywa yenye nyuzi.

Mama amehamia chumba cha chini, kile nilichokuwa naweka vitambaa. Anasema ngazi za nyumba hii zimeongezeka urefu. Kutwa anakaa karibu na cherehani ananikosoa mishono. Wiki iliyopita jirani wa nyuma aliletewa msiba kwa barua, akausoma mlangoni, mtu wa posta bado amesimama anasubiri saini. Mama alitikisa kichwa mpaka jioni. Akasema, "Ndiyo maana kwetu habari mbaya haipandi posta. Inaletwa na mtu, kwa miguu yake." Unamjua. Bibi alikufa, sheria zake akamwachia Mama.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Mama anataka kuja kuliona hilo pango lako. Ametoa neno mwenyewe, sikumshawishi. Tutatoka asubuhi na kurudi jioni, hatutakuletea mzigo wa kulala. Tunakuja kutembea tu. Zaidi ya pango, anataka kukusikia. Haamini kwamba wewe, uliyekaa kimya utoto wako wote mpaka mtaa ukakuita Bubu, unalipwa mshahara kwa kusema. Anasema atakaa mbele, na ukikosea atakurekebisha hapo hapo mbele za wageni.

Tuambie siku gani inafaa. Usikawie kujibu.

Dada yako


29 Machi

Dada, shikamoo.

Mimi nipo, mwili unadai chakula kama kawaida. Kazi ni nyingi. Meneja amenunua balbu nyekundu na kijani, anasema wageni wanapenda rangi, na sasa lile jiwe tunaloliita Bibi Harusi lina uso wa mtu mwenye homa ya manjano. Mgeni mmoja amegundua jiwe jingine, karibu na ngazi ya mwisho, limekunja midomo kabisa. Tumelibatiza Mkwe Aliyenuna. Watu wanacheka kabla hata sijamaliza kulionyesha.

Kinachowanyamazisha ni ukumbi wa chini. Pale ninazima swichi, nawaambia kila mtu ainue mkono mbele ya macho yake autafute. Hauonekani. Hata wale wapiga kelele wa basi zima hunywea, na unasikia maji yanavyodondoka. Nikiwasha, kila mtu anamtazama mwenzake kama amerudi safari.

Kuhusu kuja: msije sasa. Ngazi zinakarabatiwa na pango limefungwa, haijulikani hadi lini. Nitaandika zikiwa tayari. Ningepiga simu, ila simu ya ofisi ina kufuli na ufunguo anao meneja, na meneja hata salamu anatoa kwa mkopo.

Umesema mnakuja kutembea tu. Sawa, nimesoma.

Wasalimie wote.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Tumeipata barua, nasi tumecheka na huyo Mkwe. Shemeji yako anauliza kama ni wa kike au wa kiume, maana anamjua mmoja. Kazi zinaendelea, nimeungua kidole kwa pasi, si kitu.

"Wasalimie wote" umeandika, kama mgombea jukwaani. Mama hana jina lake humo? Alinifanya niisome mara ya pili, akidhani nimeruka mstari. Nikamwambia kaandika kwa haraka.

Safari ya kuja kwako imeshafanya watu wawe wa ajabu hapa. Miguu ya Mama imenenepa uzeeni, viatu vyake vya zamani havimwingii, basi shemeji yako kamnunulia raba nyeupe za kiume. Anazivaa humu ndani kuzizoeza. Anatoka kitandani mpaka kwenye cherehani, anakaa, anapumua, halafu anarudi. Jana aliniuliza kama huko pangoni kuna mahali pa kukaa njiani. Nikasema lazima pawepo, hao wageni si mbuzi. Niambie kama nimesema uongo.

Anawasimulia watu wote wanaokuja kupima nguo. "Mwanangu ni msemaji wa mlima." Wakitoka anarudia maneno yako ya zile taa, na mkono anauinua hivi mbele ya uso.

Ngazi zikiwa tayari tuandikie, hata mstari mmoja. Usikawie. Mvua kubwa ikishaanza barabara yenu inakuwa matope, na mimi nataka tuje kabla yake. Usikawie, tafadhali.

Dada yako


6 Juni

Dada, shikamoo.

Samahani kwa ukimya. Gari linaloshusha barua lilikaa bila tairi, halafu mvua ikashika. Mimi mzima. Nimepata kikohozi cha unyevu, kimeondoka.

Ngazi zimekwisha lakini sasa ni taa. Nyaya zimeingia maji, fundi hajulikani atapanda lini. Pia kuna popo wengi mwaka huu, na harufu yao si ya kumpelekea mtu mzima. Tusubiri kiangazi. Mimi mwenyewe siwezi kushuka huko, likizo zimezuiwa.

Na kama kuna jambo lolote la kuniambia, dada, hakuna haraka. Likae huko huko kwanza.

Mdogo wako


25 Juni

Wewe,

Leo habari za nyumbani zitasubiri, ila hatujambo.

Yule mwalimu ninayemshonea sare alikuja kuchukua mzigo wake. Mama yupo hapo kwenye kiti chake. Mwalimu akasema kwa furaha, "Ndugu yako ni hatari, tumecheka mpaka machozi." Nikauliza wapi. Akasema pangoni, kawapeleka wanafunzi mwisho wa Machi. Pango wazi, ngazi kavu, umewaonyesha Mkwe Aliyenuna na kuwazimia taa. Mwisho wa Machi, wakati ule ule ulipotuandikia kuwa pamefungwa. Akaongeza kuwa mwezi Mei darasa jingine lilikuja na taa zilikuwa zinawaka vizuri tu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako, mdogo wangu, haikufika hata mlangoni.

Mama alimsindikiza mgeni kwa macho. Kisha akavua raba, moja moja, kwa tabu, akazisukuma chini ya kitanda. Nikamwambia labda kuna sababu. Akasema, "Sababu ninayo mkononi." Akanionyesha viganja. Unavijua, miaka yote ile ya kufua mashuka ya hospitali, ile dawa ilivyovila. "Mtoto amekuwa bwana, ananionea haya. Si kitu. Yeye mwenyewe anaona aibu, mimi sioni."

Ilikuwa kitu. Usiku hakula.

Ninakuuliza mara moja, na nataka jibu la mtu mzima: unamwonea haya mama yako?

Dada yako


11 Julai

Dada, shikamoo.

Barua yako imenichoma. Ninaijibu leo leo, na gari linasubiri nje. Simwonei Mama haya. Nimewadanganya, ni kweli, na sababu ni kwamba naogopa. Ngoja niseme yote.

Unakumbuka kwa nini Bibi aliweka ile sheria. Babu alikuwa juu ya jukwaa anajenga ghorofa, akapelekewa barua ya msiba wa kaka yake, akaisoma huko huko juu. Akaanguka. Wakazikwa wawili. Bibi akaapa kwamba hakuna mtu wa ukoo wake atakayesoma kifo peke yake tena.

Nami nikapewa sheria hiyo yote. Baba alipokufa nilikuwa kwenye machimbo ya mawe, kazi yangu ya kwanza. Barua ziliendelea kuja. "Baba anakusalimu. Baba anasema usisahau sweta." Mwandiko ulikuwa wako, dada. Sikulaumu, ulikuwa bado msichana na Bibi alikuwa amesimama nyuma yako. Nikajibu, nikamwambia Baba kuwa sweta nimevaa. Halafu siku moja baba mdogo akatokea getini na shati jipya ameniletea. Nikamuuliza kuna nini. Akacheka, akasema, "Nimekuja kutembea tu." Tulikula naye, tukalala naye chumba kimoja, asubuhi ndipo akaniambia. Kaburi lilikuwa limeshaota nyasi. Nilikuwa naandikiana na maiti.

Sasa wewe, ambaye hujawahi kupanda mlima huu, unaniandikia ghafla kwamba mnakuja kutembea tu, Mama anataka hivi, Mama anasema vile. Nilipolisoma lile neno nilikaa chini. Nikasema, Mama amekufa. Dada anatafuta njia ya kunifikia. Nikaona nikiwazuia msije, habari haitafika, na ikiwa haijafika bado haijawa. Ni akili ya kitoto, najua. Kila ukiandika raba, cherehani, miguu imenenepa, nasema dada ameshakuwa fundi wa haya, anashona vizuri kuliko Bibi.

Basi niambie, Mama yupo? Na usinijibu wewe, maana mwandiko wako umeshanidanganya. Muulize siku nilipoondoka nyumbani kuja huku mlimani aliniambia nini kituoni, mlangoni mwa basi. Wewe ulikuwa umeenda kununua maji. Hakuna aliyesikia ila mimi na yeye.

Mdogo wako


2 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako imekaa njiani sana. Nilipoisoma nilizima cherehani. Kwa zile salamu za Baba sina la kujitetea, na sikujua mtoto aliyekuwa upande wa pili alikuwa anajibu kuhusu sweta. Sikuwahi kuonyeshwa majibu yako.

Nilimsomea Mama, yote. Alicheka mpaka nikaogopa, akasema, "Kwa hiyo nimezikwa tangu Machi na bado napika?" Kisha akalia. Kisha akaniambia nizitoe raba chini ya kitanda. Haya yafuatayo ni maneno yake, ninaandika anavyotamka, na amekaa hapa karibu ananiangalia kalamu:

"Bubu wangu. Mimi nipo. Pale kwenye basi ulikuwa unatetemeka, unasema utaongeaje na watu usiowajua. Nilikuambia: ukikosa la kusema, taja unachokiona. Ukiona jiwe sema jiwe. Watu watakushukuru, wengi wao hawatazami. Sasa nakuja nione kama ulinisikia. Ukizima hizo taa zako, usinizimie muda mrefu. Na ufanye upesi, mwanangu, hizi raba zinanibana."

Mwisho wa maneno yake. Nilitaka kuongeza langu moja, lakini nimekwambia, amekaa karibu.

Taja siku. Siku yoyote. Hata kesho.

Dada yako


16 Agosti

Dada, shikamoo. Mama, shikamoo, shikamoo tena.

Ni hayo hayo. Neno kwa neno. Niliisoma barua dirishani pa tikiti na nikamrudishia mgeni chenji yake yote pamoja na noti aliyonipa, ndivyo nilivyokuwa. Mama, nilikusikia. Kila siku ninaposhuka ndiyo kazi yenyewe: nataja ninachokiona, wananilipa.

Njooni Jumamosi yoyote, msiandike, mje tu. Mkishuka kwenye basi, ulizeni Bubu wa Pangoni, hata mbwa watawaonyesha. Nimekuwa jasiri, nimeenda kwa meneja, nimemwambia mama yangu anakuja. Akanitazama, akasema, "Kumbe na wewe una mama." Ametoa viti vya plastiki vya kantini. Nimeviweka kila mahali ngazi zinapopinda, kwa hiyo Mama utashuka kama malkia, kiti hadi kiti. Pale Bibi Harusi nimeondoa zile rangi, nimeweka balbu nyeupe, uione sura yake halisi. Reli moja ilikuwa inacheza, nimeikaza mwenyewe. Kundi la mwisho la siku hiyo litakuwa ninyi tu, wewe Mama, dada na shemeji, wageni wengine wasikusukume.

Ukumbini nitazima taa kidogo tu. Nitakuwa nimekushika mkono kabla sijagusa swichi.

Mvua imerudi, barabara haieleweki, lakini dereva anasema barua itashuka.

Mwanao, na mdogo wako


10 Septemba

Mdogo wangu,

Kaa kwanza. Kama uko kwenye ngazi, shuka, tafuta kiti, ndipo uendelee.

Mama amefariki. Nimeliandika, na mkono haujakatika.

Ilikuwa moyo. Daktari alituambia tangu Februari. Ndiyo maana ya chumba cha chini, ndiyo maana ya miguu kuvimba, ndiyo maana nilikusihi usikawie. Niliwahi kukuandikia neno "mgonjwa", mwezi wa nne. Mama aliliona, akanifanya niichane barua ile na kuanza upya. Alisema, "Yule kazi yake ni ngazi tupu. Unataka aanguke kama babu yake?" Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo tuliijua sote wawili, mimi na Mama, tukaisema kwa watu wengine.

Alikufa asubuhi, amevaa raba. Tangu tulipotuma ile barua alikuwa anazivaa kila siku na kukaa karibu na mlango, anasema jibu litafika leo. Nilikuwa nashona kola. Nikamuuliza kitu kuhusu uzi, hakunijibu.

Shemeji yako alipanda basi siku hiyo hiyo kukufuata. Mlima ulikuwa umemeguka barabarani, watu wanarudishwa. Alijaribu kupita kwa miguu, akazuiwa. Alirudi na matope hadi kiunoni. Tulikusubiri tulivyoweza, kisha wazee wakasema inatosha. Barua yako ya viti ilifika tukiwa tunarudisha viti vya majirani.

Baadaye barabara ikafunguliwa, nikafunga mkoba nije. Nilifika hadi kituoni. Nikajiona nimesimama pale na zawadi mkononi, mtu anayekuja kutembea tu, na wewe utaniona kutoka mbali kule mlimani na utajua, na utanikaribisha chai huku unajua. Nikashindwa. Nikarudi nyumbani nikashika kalamu. Bibi anisamehe, na asiponisamehe ni sawa pia.

Lia. Kisha niandikie.

Dada yako


1 Oktoba

Dada, shikamoo.

Nimeipata. Nilikaa kama ulivyoniambia, kwenye kiti cha kwanza, kile cha juu. Sikuanguka. Nakushukuru kwa kuandika. Tangu Babu, mtu wa kwanza wa ukoo wetu kuambiwa ukweli kwa karatasi ni mimi, na nimeusoma mwenyewe, kwa wakati wangu, bila mtu wa kunitazama usoni kuona kama nimevunjika.

Nina hasira, dada. Si nawe tu. Mlinificha ugonjwa, nami nikawaficha uoga, na Mama katikati yetu anazoeza viatu. Nilikuwa natafuta kifo katika kila mstari wako. Miguu imenenepa, uliandika. Anakaa, anapumua, uliandika. Yote uliyaandika. Mimi, mtu ninayekula kwa kutaja ninachokiona, sikukiona.

Meneja alitaka viti vyake. Nikamwomba vibaki hadi Jumamosi. Jumamosi, wageni walipoisha, nilivaa shati la kazi nikashuka. Nilisimama penye kila kiti nikasema maneno yangu yote kwa sauti, na mizaha pia. Mama, huyu ni Bibi Harusi. Mama, huyu ni Mkwe, usimcheke, atasikia. Sikukosea hata mahali pamoja, nadhani. Nilifika ukumbini nikanyoosha mkono upande wangu, nikazima taa. Halafu nikakosa la kusema. Nikatafuta cha kutaja. Palikuwa na giza na maji yanadondoka, na mkono wangu mwenyewe sikuuona. Nilikaa humo muda mrefu kuliko alivyoniruhusu.

Viti nimevirudisha kantini. Kimoja nimekiacha, cha pale ngazi zinapopinda mara ya mwisho. Wazee wanaoshuka wanakitumia.

Sasa njoo wewe. Barabara ni kavu. Siku utakayoshuka kwenye basi nitakuwa nimesimama pale pale mlangoni mwa basi, na nitakapokuona sitaogopa, maana huna tena cha kuniletea. Njoo kutembea tu.

Raba usizitupe. Uje nazo.

Mdogo wako